Foleni ya Kando ya Friji

Atupele mwanangu,

Mabegi yamefungwa. Mama Happy, mtakayesafiri pamoja, ameyanyanyua moja moja na kusema hayazidi uzito, na yeye kwa mizigo hakosei. Habari za mswaki, sweta na pasi ya kusafiria ameshakupa, na mama yako amezirudia kwenye simu, kwa hiyo mimi naziacha. Sasa hivi uko chini uani unacheza mpira wa vinyoya na binti wa mwenye nyumba. Nawasikia mkibishana kwa Kichina kuhusu pointi, na kwa sauti yako naona unashinda.

Jana tukiwa tunakula uliniuliza, "Baba, kwani ukisimama nao kidogo tu kwenye picha, si nabaki?" Nikakuambia ule, wali unapoa. Hilo halikuwa jibu, na wewe uliliona, maana ulinitazama namna ile ya mama yako. Jibu ni refu. Naliandika ili ulisome ukifika Tukuyu kwa mama yako, kisha ulisome tena ukiwa mkubwa, kwa sababu sehemu nyingine za barua hii ni za mtu wa miaka kumi na nyingine ni za mtu wa umri wangu, ambao nao si mkubwa kama unavyodhani.

Unaondoka kwa sababu ya kura. Sitaki nikufiche. Kibali changu cha kuishi Guangzhou kinatokana na barua ya ofisi, na chako kinatokana na changu. Barua hiyo huisaini Mzee Shomari, bosi wangu. Kila mwaka ameisaini bila hata kuisoma, huku anaongea na simu. Mwaka huu aliniwekea sharti, na leo mchana nimelikataa mbele ya watu. Tiketi yako niliikata mapema, kabla sijajua nitasema nini, kwa sababu nilijua kwamba wewe ukiwa hapa nitasema ndiyo.

Unajua mimi ni mwoga. Mimi ndiye baba anayerudi kukagua kufuli mpaka unanicheka. Ofisini naisoma namba ya kontena kwa sauti, kisha naisoma tena kutoka mwisho kuja mwanzo, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa shehena ya mtu inakwama bandarini Nansha na mwenyewe anakosa usingizi. Kwa kazi ya ukarani woga ni chombo kizuri. Umetulisha wewe na mimi, siuonei aibu. Kosa langu lilikuwa kuuvaa kila mahali, kama fundi anayelala na ovaroli.

Nilipokuwa chuo kikuu tulichagua rais wa serikali ya wanafunzi. Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja alikuwa anagombea, na mpinzani wake alikuwa kipenzi cha wakubwa wa chuo. Siku ya kura nilijifungia chooni. Nilikaa humo mpaka niliposikia makofi. Rafiki yangu alishindwa, na jioni akanigawia mihogo yake ya kukaanga bila kuniuliza nilikuwa wapi. Nilitamani aniulize. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba angalau sikumpinga. Kweli, sikumpinga. Wala hakuna mtu duniani anayeweza kusema nilikuwepo.

Sasa nikueleze hii kura yenyewe. Chama chetu kinatafuta mtu wa kusimama kugombea urais, na kwanza kinapiga kura za maoni ndani kwa ndani, tawi kwa tawi. Safari hii tawi letu la hapa nalo liliruhusiwa. Na chama chetu kina utaratibu wake wa zamani: katika tawi watu hawaandiki karatasi. Wakala wa kila mtia nia anashika picha ya mtu wake, na wanachama wanajipanga nyuma ya picha wanayoitaka. Wanahesabiwa, wanapigwa picha kwa simu, na picha inapelekwa makao makuu. Wazee wanausifu utaratibu huo, wanasema hakuna karatasi ya kuibiwa. Ni kweli. Wasichokisema ni kwamba anayekulipa mshahara anakuona mgongo.

Watia nia walikuwa watatu. Majina yao utayasikia huko nyumbani; mimi nitakuambia tulivyowaita ofisini.

Wa kwanza tulimwita Mwenye Malori. Alianza na lori moja bovu, hilo analisimulia kila mkutano, na naamini ni kweli. Wanaosema ni mwizi sijawaona wakileta ushahidi, na mimi ni mtu wa nyaraka, bila hati sisemi. Madereva wake wanamsifu. Basi kwa nini simtaki? Kwa maneno yake mwenyewe, kwamba nchi ataiendesha kama kampuni. Watu walipiga makofi. Mimi nimefanya kazi kwenye kampuni tangu nimalize chuo, na kwenye kampuni ukiuliza swali la pili unaonyeshwa mlango ulipo. Nchini mwako mlango huo unaelekea wapi? Alipozungumza nasi kwa video alikuwa ndani ya gari linalokwenda, na kila swali alilijibu, "Hilo tutaliangalia." Mama Happy akamuuliza jambo la ushuru. Unamjua Mama Happy, hununua jinzi Xintang na kuzituma Mbeya. "Dada yangu, hilo tutaliangalia," akasema, kisha gari likaingia mahali pasipo na mtandao na uso wake ukaganda mdomo ukiwa wazi. Mzee Shomari akatuambia, "Mnaona kiongozi anavyochapa kazi, hata kukaa hakai." Huyo ndiye mtu wa Mzee Shomari. Kontena zake hupitia kwetu.

Wa pili ni Wakili. Huyu alinipata. Ana sauti ambayo ikisema "ndugu zangu" unageuka kuangalia kama nduguyo ameingia. Alituahidi sisi wa nje uraia pacha, akasema hakuna mama anayemkana mwanawe kwa sababu alikwenda kutafuta. Machozi yalinitoka nikasingizia vitunguu, na siku hiyo wala hapakuwa na anayepika. Wiki ileile ikaletwa kwenye kundi letu la simu video ya Wakili akiwahutubia wakulima, akiwaambia waliokwenda nje wachague moja, mtoto hanyonyi kwa mama wawili. Sauti ileile, na kituo kilekile kabla ya neno la mwisho. Nikamwandikia swali. Msaidizi wake akajibu kwa neno moja: muktadha. Sikumchukia Wakili. Ila nilijijua zaidi. Nilijua kwamba mtu akinililia vizuri naweza kumpa nchi nzima na chenji asinirudishie.

Wa tatu ni Bibi Shamba. Alikuwa mtaalamu wa kilimo wilayani, akizunguka na pikipiki kukagua mahindi ya watu, baadaye akawa diwani, kisha mbunge. Nitakuambia ubaya wake kwanza. Hajui kuongea. Anasoma karatasi, anakohoa, anarudia mstari. Hasira zake ziko karibu. Alimkemea fundi wake wa video mbele yetu mpaka nikamhurumia mtoto wa watu. Alituita "nyie wauza jinzi," na mimi sijawahi kuuza hata kifungo. Tena anaamini fimbo shuleni. Hapo sikubaliani naye hata chembe, na siku akishika nchi na mwalimu akakuchapa kwa kukosa hesabu, nitamwandikia yeye kabla sijamwandikia mwalimu.

Mama Happy alimuuliza swali lilelile la ushuru. Wanaochangia kontena, wale wanaotuma marobota mawili matatu ndani ya mzigo wa watu wengi, kwa nini wakifika bandari ya nyumbani wanasumbuliwa kama wenye kontena zima? Bibi Shamba akanyamaza mpaka tukadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Sijui. Nitauliza." Chumba kizima kikacheka. "Huyu anataka urais au anataka twisheni?" akasema Mzee Shomari. Nilicheka na mimi. Nakuomba ukumbuke kwamba nilicheka.

Baadaye, sote tumeshasahau, ikaja sauti yake kwenye kundi. "Yule mama aliyeuliza ushuru. Nimeuliza. Jibu silipendi, nanyi hamtalipenda, lakini ndilo hili." Akaeleza kwa ukavu wake, akakohoa, akasema lipi linaweza kubadilishwa na lipi hawezi kuliahidi. Niliisikiliza nikiwa kwenye lifti ya Tianxiu, jengo la ofisi yetu, nimebanwa na maboksi ya watu, na lifti ilipofika ghorofa yetu nikasahau kushuka. Neno "tutaliangalia" nalijua vizuri, makarani ndio baba zake. Mimi mwenyewe nimewaambia watu wengi hivyo nikijua siendi kuangalia chochote. Sikuwahi kumsikia mkubwa akisema atauliza, akauliza, akarudi na jibu lisilomfaa. Hiyo ndiyo sababu yangu yote. Ni ndogo, na mtu mwenye akili anaweza kuipinga mpaka kesho. Lakini niliipata mwenyewe. Hakuna aliyeniletea ikiwa imechapwa kwenye fulana.

Usimchukie Mzee Shomari. Hili nalisema kwa sababu huko nyumbani watamsema vibaya wakidhani wananifurahisha. Ulipougua homa ile kali nilikuwa Nansha na simu yangu imezima. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni, na mgongo wake ule mbovu, akakufikisha hospitali, akabishana na watu wa mapokezi kwa Kichina chake cha sokoni. Nilipofika nilimkuta amesinzia kwenye kiti, na wewe umefunikwa kwa koti lake. Kwa hiyo aliponiita kabla ya Jumapili ya kura hakunitisha. Hakuhitaji.

"Karani, kijana wangu, Jumapili unasimama wapi?"

"Bado natafakari, mzee."

"Unatafakari? Mimi nilipombeba mtoto wako, nilitafakari?"

Nikarudi mezani kwangu. Ile siku nzima nilikosea makaratasi. Ila nilikuja kuona jambo moja, nalo nimelishika. Wema wake nitaulipa kwa wema. Akiugua nitambeba, hata ngazi zote za Tianxiu. Akihitaji damu, nitatoa. Lakini ile kura siwezi kumlipa nayo, kwa sababu si yangu peke yangu. Mna mama yako ndani yake, na bibi yako anayekwenda zahanati kwa miguu, na wewe. Ningekuwa namlipa deni langu kwa vitu vyenu.

Jumapili tulikutana ghorofani kwenye ule mgahawa wa Xiaobei anaopika dada Akinyi, Mkenya yule anayekupa chapati. Tulikuwa kimya, bila bendera wala nyimbo, maana tuko kwa watu. Mawakala walikuwa wawili tu, mmoja ameshika picha ya Mwenye Malori, mwingine ya Wakili. Mzee Shomari, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa tawi, akatangaza: "Mwenye Malori kulia, Wakili kushoto. Tusicheleweshane, biriani inaiva."

Mkono wangu ukanyanyuka. Nasema hivyo kwa sababu sikumbuki kuunyanyua.

"Na wa Bibi Shamba wanajipanga wapi?"

"Bibi Shamba hana wakala hapa."

"Utaratibu unasema ishikwe picha, mzee. Picha ninayo kwenye simu."

Watu wakacheka. "Karani na utaratibu wake," mmoja akasema. "Huyu hata kaburini ataomba risiti."

"Haya," akasema Mzee Shomari, naye anacheka, "kasimame hapo kwenye friji."

Nikaenda. Ni friji la soda, lile kubwa la vioo. Nikasimama kando yake nimeinua simu kifuani, na kila baada ya muda kioo kinazima, nakigusa Bibi Shamba arudi. Wakanitania. "Karani, ukiwa hapo nipe Fanta baridi." "Foleni ya mtu mmoja, wa mbele nani, wa nyuma nani?" Dada Akinyi akapita na sahani, akanitazama juu mpaka chini. "Ai, na nyinyi Wabongo. Kwetu saa hii tungekuwa tumerushiana viti. Huyu mmemweka kwa friji apoe?" Hata mimi nilicheka, lakini magoti yalikuwa yanagongana, na friji nalo lilikuwa linanguruma na kutetemeka, nikashukuru kwamba mtu akiniangalia hatajua ni lipi kati yetu.

Ndipo Mama Happy akatoka kwenye mstari wa Wakili. "Kule kumejaa, na miguu inaniuma," akawaambia watu, akaja polepole na mkoba wake. Akasimama nyuma yangu na kuninong'oneza, "Usigeuke, Baba Atu. Ukigeuka nitarudi." Sikugeuka. Tukahesabiwa wawili. Mwenye Malori alikuwa na watu wengi, Wakili wachache, sisi tulikuwa sisi. Picha ikapigwa, tukala biriani, na nikalala usingizi mzuri kuliko nilivyotarajia. Kama mambo yangeishia hapo usingekuwa na safari.

Lakini watu wa Mwenye Malori waliiona picha, wakamuuliza Mzee Shomari wale wawili kwenye friji ni nani, na yeye ni mwenyekiti gani asiyeweza kuwapanga watu wake. Aliona haya. Akaamua picha ipigwe upya leo Ijumaa, baada ya swala, tawi zima nyuma ya Mwenye Malori, isomeke kwamba tumemchagua kwa kauli moja. Watu wa Wakili walikubali, wakasema aliyeshinda ndiye wetu, na hiyo ni haki yao. Kisha akaniita mimi.

"Ni picha tu, Karani. Moyoni baki na bibi yako. Ukitoka kwenye picha unapanda ofisini, nasaini barua yako, na mtoto anabaki."

"Na nisiposimama?"

"Kwani mimi nimesema kitu?"

Umenielewa sasa kwa nini swali lako la jana lilinikwama. Ni lilelile la kwake, ila wewe uliliuliza kwa upendo, na yeye, nadhani, naye aliliuliza kwa upendo wa namna yake. Kidogo tu. Picha tu. Nilikaa na neno hilo siku zote hizi. Wewe umeniona kazini. Kila kontena kabla ya kufungwa tunalipiga picha milango ikiwa wazi, ili mteja aliye mbali aone kilichomo. Mteja hawezi kuja kupekua. Ana ile picha na neno letu. Mtu akiniambia nipige picha ya kontena lenye mzigo ambao haumo, nitaacha kazi siku hiyohiyo, hata kwa woga wangu wote. Sasa nawezaje kukubali kuwa mimi ndiye mzigo unaoonekana kwenye picha na haumo? Na mteja wa picha hii ni nani? Ni wale wanachama walioko huko, watakaoambiwa kwamba Guangzhou nzima haikuwa na hata mmoja aliyeona vingine. Labda yuko mmoja mahali fulani anayeona vingine, amesimama peke yake kwenye foleni yake, anajiona ana kichaa. Na yeye aone kwamba tulikuwepo.

Mama Happy alikuja jana ofisini kuniambia mwenyewe. "Mie naingia kwenye picha, Baba Atu. Jinzi zangu ziko Nansha mikononi mwa huyu mzee. Nina watoto wanne." Nilimwambia sawa, na nilimaanisha sawa. Kesho utakaa naye saa nyingi ndani ya ndege. Usimuulize. Alisimama nyuma yangu siku ambayo sikuwa na mtu, na hilo halifutiki kwa sababu hakuweza kusimama mara ya pili.

Leo, basi. Wote wamejipanga, mstari mmoja mrefu unaopinda mpaka mlangoni. Nimesimama upande wa pili wa chumba, peke yangu. Mzee Shomari akanisogelea. Akasema kwa upole kabisa, "Basi toka nje ya chumba, kijana wangu, tupige picha."

"Mimi ni mwanachama, mzee. Niko kikaoni."

"Basi usionekane."

Mpiga picha akaisogeza simu ili anikwepe. Na mimi nikasogea. Akaisogeza tena. Nikasogea tena. Mwanangu, baba yako anayekagua kufuli alikuwa anacheza kufukuzana na simu ya watu mbele ya tawi zima. Watu wakaanza kucheka, halafu wakaacha, maana waliona sichezi.

"Watakukata," akasema Mzee Shomari. "Siku hizi mtu anakatwa kwenye picha kwa kidole kimoja."

"Wakitaka wakate wao," nikasema. "Mimi sijikati."

Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, lakini ilisikika, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaongea. Picha ikapigwa. Nipo pembeni, nusu bega na uso mzima. Nimeiona.

Baadaye akanikuta mezani kwangu. Akaniambia nimalize makaratasi ya Nansha na nikabidhi funguo mwisho wa mwezi. Nikasema sawa. Akasimama pale kama mtu aliyesahau kitu. "Mtoto anaondoka saa ngapi?" Nikamwambia asubuhi. "Gari langu litawapeleka. Usilete ubishi na hapo." Sikuleta. Ndiyo maana kesho utaliona gari lake. Umwamkie vizuri dereva, na ukimkuta mwenyewe umwambie shikamoo kama siku zote.

Mama yako nilimpigia mchana huuhuu. Nikuandikie alivyosema, kwa sababu naye ana upande wake.

"Nani alishinda hapo kwenu?"

"Mwenye Malori."

"Kwa hiyo umepoteza kazi kwa ajili ya mtu aliyeshindwa."

"Ndiyo."

"Na angeshinda?"

"Ningeipoteza vilevile."

Nikasikia mvua ya Tukuyu juu ya bati. "We Baba Atu, yaani umetoka kwenu mwoga, umeenda China kujifunza ushujaa? Si ungejifunza biashara?" Halafu akasema, "Mlete mtoto. Ndizi zipo. Na wewe ukija, uje unajua kwamba hapa utaratibu hauliwi." Ana haki ya kukasirika, yeye ndiye atakayegawa ndizi hizo. Nisingependa ujifunze kwangu kwamba kusimama peke yako ni bure. Kusimama kwangu kumelipiwa na mama yako bila kuulizwa, na wewe pia. Hilo ndilo linaloniuma. Sijalipatia dawa, na sitakudanganya kwamba nimelipatia.

Sijui nitapata wapi kazi nyingine kabla kibali hakijaisha. Nitaanza Xintang kwenye karakana za jinzi, nitawauliza kama wanahitaji mtu wa nyaraka. Wengi watasema meiyou, yaani hakuna, na nimeshajizoeza kulisikia neno hilo bila kunywea. Nikikosa, nitakuja Tukuyu. Naogopa. Leo naogopa kuliko Jumapili. Lakini nimegundua kwamba sijutii, na vitu hivi viwili nilikuwa nadhani haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja.

Mama yako anasema shuleni kwenu huchagua viranja mwanzoni mwa muhula, uwanjani, watoto wanasimama nyuma ya wanayemtaka, walimu wakiangalia. Utakuwa mgeni. Watacheka Kiswahili chako kinavyopanda na kushuka kama Kichina. Utatamani kusimama palipojaa, na kama unayemtaka yuko palipojaa, simama hapo kwa raha zako, si kila palipojaa ni pabaya. Lakini ikitokea unayemtaka amesimama kule mwisho wa uwanja na hana mtu, magoti yatakutetemeka. Mimi sijui dawa ya magoti, nimeitafuta maisha yangu yote. Nimegundua hili tu, kwamba yanatembea hata yakitetemeka. Wewe nenda nayo hivyohivyo, mwanangu, ufike, ugeuke, utazame mbele, uwaache wahesabu.

Baba yako